Ugonjwa Usioonekana na Haki ya Kusadikiwa



Sisi tuishio Ivuna, katika tambarare ya Ziwa Rukwa, twaijua chumvi. Mgeni akiyatazama maji ya chemchemi zetu huona maji tu. Chumvi imo, lakini haionekani mpaka maji yaonjwe au yachemshwe chunguni. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapa mwaka 1966 walithibitisha kwamba wenyeji wa mahali hapa walichemsha chumvi karne nyingi kabla yetu. Watu hao hawakungoja kuiona chumvi ndipo wasadiki kwamba imo majini.

Tumeanza na chumvi kwa sababu twataka kusema juu ya jambo jingine lililomo ndani ya watu wetu wala halionekani kwa macho. Wapo kati yetu wagonjwa ambao hawana kidonda, hawana bandeji, hawatembei na mkongojo. Jumapili waimba kwaya pamoja nasi. Jumanne wamelala chini wakiuma shuka kwa maumivu. Wapo wenye kifafa, wapo wenye kisukari, wapo wenye huzuni nzito isiyotoka moyoni. Katika kijarida hiki twapenda kukaa zaidi juu ya ugonjwa mmoja ambao umeota mizizi katika nchi yetu, nao ni selimundu, ambao wengi huuita siko seli.

Tukiri kwanza kosa letu

Haifai tuwanyoshee wengine kidole kabla ya kujitazama. Katika mojawapo ya parokia tulizotumikia alikuwako mtumishi wa altare mwenye umri wa miaka kama 12. Jumapili alihudumu vizuri, lakini mazoezi ya Jumamosi asubuhi aliyakosa mara kwa mara, hasa miezi ya Juni na Julai. Tulimwuliza, akajibu kwamba miguu ilimuuma. Tuliitazama ile miguu: haikuvimba, haikuwa na jeraha. Tukamkemea mbele ya wenzake kwamba uongo ni dhambi, na jina lake tukalifuta katika orodha.

Wiki iliyofuata mama yake alikuja na daftari la kliniki. Aliliweka mezani, akalifungua, akanyamaza. Tulisoma wenyewe. Kisha akaeleza kwamba zile Jumamosi mtoto aliamka usiku na maumivu ya mifupa, akajizuia kulia ili asiwaamshe wadogo zake. Akaeleza pia kwamba kifungua mimba wake alifariki akiwa na miaka 3, baada ya kuugua homa na kuvimba mikono tangu uchanga. Kwamba ndugu wa mume walikaa kikao wakasema tumbo lake limeoza. Na kwamba tangu siku ile aliishi kwa wazazi wake pamoja na watoto waliobaki. Tulidhani atatuomba fedha. Hakuomba fedha. Alisema, "Padre, nakuomba umwambie mwanangu kwamba unamsadiki."

Tulimwita mtoto tukamwomba radhi mbele ya wale wale tuliomkemea mbele yao. Lakini tangu siku hiyo tumejiuliza: je, ni wangapi tuliowakemea ambao mama zao hawakuthubutu kuja?

Ni ugonjwa gani huu?

Jina lenyewe lafundisha. Sisi tuvunao mpunga twaujua mundu, jinsi ulivyopinda. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya ni za mviringo na laini, hupita kwa urahisi katika mishipa membamba. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe hizo zikipungukiwa hewa safi hupinda na kukakamaa mfano wa mundu. Hunasana, huziba mishipa, na sehemu ya mwili isiyopata damu hupiga kelele kwa maumivu. Tena chembe hizo huvunjika mapema, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Daktari wa kwanza kuziandika habari za chembe hizo zilizopinda katika majarida ya tiba ya Magharibi alikuwa James Herrick wa Chicago, mwaka 1910. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwako Afrika zamani kabla ya hapo, na mama zetu waliuzika pamoja na watoto wao pasipo kujua jina lake. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa nini umeenea kwetu. Mtu aliyerithi kinasaba kimoja tu cha selimundu haugui selimundu, tena hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo penye mbu wengi, kama tambarare yetu hii, kinasaba hiki kilidumu kizazi hata kizazi. Ajabu ni kwamba mtoto aliyerithi vinasaba viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, hana kinga hiyo ya kutumainiwa: malaria ikimpata yaweza kumwua upesi.

Inakadiriwa kwamba katika Tanzania watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na kwamba watu 13 hadi 20 katika kila 100 wamebeba kinasaba kimoja pasipo kuugua. Ndugu msomaji, zihesabu familia za Jumuiya yako. Yawezekana jambo hili limo katika damu ya watu uketio nao kila wiki kusali Rozari.

Dalili aghalabu huanza baada ya mtoto kupita miezi sita: mikono na miguu huvimba, hulia akishikwa, hupungukiwa damu kila mara. Akikua, maumivu huja na kwenda. Huamshwa na baridi, na kiu, na uchovu, na homa, na hata mashaka ya moyo. Kwa wengine wengu huvimba ghafula, wengine hupatwa na kiharusi wangali watoto. Mahali pasipo na uchunguzi wala tiba, inakadiriwa nusu ya watoto hawa au zaidi hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Hufa kwa jina la homa, au kwa jina la kurogwa, nao huzikwa na siri yao.

Jinsi tunavyowaumiza mara ya pili

Maumivu ya kwanza hutoka katika mishipa. Ya pili hutoka kwetu, na hayo ndiyo yaihusuyo Tume ya Haki na Amani.

Twamwumiza mtoto. Figo za mgonjwa wa selimundu hushindwa kubana maji vizuri; kwa hiyo hunywa maji mengi, huomba ruhusa ya kwenda msalani mara nyingi, na wengi wao hukojoa kitandani hata wakiwa wakubwa. Ni watoto wangapi wamechapwa kwa sababu hiyo? Shuleni hulazimishwa mchakamchaka katika baridi ya asubuhi. Nyumbani hupelekwa kwenye jaruba la mpunga, nao hukaa na miguu katika maji tangu alfajiri. Akisema amechoka huambiwa, "Mbona jana ulicheza mpira?" Naam, jana alicheza. Ndivyo ugonjwa huu ulivyo: humwachia mtu siku njema, nasi twazitumia siku zake njema kuwa ushahidi dhidi yake.

Twamwumiza mama. Desturi ya kumlaumu mwanamke kwa vifo vya watoto ni uongo, tena ni uongo ulio wazi mbele ya elimu. Mtoto hawezi kuugua selimundu kwa kurithi kwa mama peke yake. Baba naye ametoa sehemu yake sawasawa na mama. Basi ukoo umfukuzao mwanamke kwa ajili hiyo wamfukuza kwa jambo ambalo nusu yake imo katika damu ya ukoo wenyewe. Twasema pasipo kuficha: kumfukuza mke aliyefiwa ni dhuluma, na akina baba wanaokaa vikao vya namna hiyo wamtendea Kristo mwenyewe katika nafsi ya yule mama.

Twajiumiza sote kwa ramli. Katika vijiji vyetu hupita watu waitwao lambalamba, wadaio kuwafichua wachawi. Penye vifo vya watoto wengi katika nyumba moja ndipo wapatapo soko. Bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni hunyoshewa kidole. Mali yake huliwa, na amani ya kijiji huvunjika. Tone moja la damu likipimwa lingeweza kuzuia haya yote.

Twawaumiza hata kanisani. Aketiye wakati wa kusimama hutazamwa kwa jicho baya. Asiyefika kwenye kazi za kujenga kigango hutozwa faini. Kijana akikosa mafundisho ya Kipaimara hurudishwa nyuma mwaka mzima. Na wako wahubiri wanaomwambia mgonjwa kwamba hajapona kwa sababu imani yake ni haba, kisha humshauri aache dawa. Hilo si shauri la imani. Ni kumjaribu Mungu kwa mwili wa mtu mwingine.

Kristo alisimama

Katika sura ya tano ya Injili ya Marko twasoma habari za mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12. Ugonjwa wake haukuonekana katika umati ule. Alikuwa mtu mmoja kati ya wengi waliosongamana. Alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga wala hakupata nafuu, bali hali ilizidi kuwa mbaya. Yesu alikuwa safarini kwenda nyumbani kwa Yairo, mtu mkubwa wa sinagogi, ambaye binti yake alikuwa mahututi. Sababu ya kuharakisha ilikuwapo. Hata hivyo Bwana alisimama, akauliza, akangoja, akamwacha yule mwanamke aeleze habari yake yote mbele ya watu. Kisha alimwita binti.

Tuangalie vema: mwili wake ulikwisha pona kabla Yesu hajauliza neno. Kwa nini basi alimsimamisha? Twaona kwamba alitaka kumponya jeraha la pili, lile la kuishi miaka 12 pasipo mtu wa kumsikiliza. Huo ndio uponyaji ambao sisi tusio madaktari twaweza kuutoa. Hatuna uwezo wa kunyosha chembe iliyopinda, lakini kusimama na kusikiliza twaweza.

Na wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, katika Injili ya Yohane, waliuliza ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe. Basi nasi tulikatae vikaoni mwetu.

Majibu kwa pingamizi mbili

Wapo watakaosema, "Tukimsadiki kila asemaye anaumwa, wavivu watajificha humo." Twajibu: huenda mmoja au wawili wakatudanganya. Lakini tupime hasara. Tukimsadiki mwongo, tumepoteza siku moja ya kazi. Tukimkataa mgonjwa wa kweli na kumpeleka shambani kwenye jua akiwa na kiu, twaweza kumpoteza yeye. Ni afadhali kudanganywa mara kumi kuliko kuzika mara moja kwa ajili ya ugumu wa moyo wetu.

Wengine huuliza, "Je, Kanisa lawakataza wenye kinasaba kuoana?" La hasha. Kubeba kinasaba si dhambi, wala si kizuizi cha ndoa. Lakini ndoa ya Kikristo ni tendo la hiari ya watu wajuao watendalo, na kujua ni sehemu ya uhuru. Wachumba wapimwe mapema, kabla mahari haijatolewa na kadi hazijaandikwa, ili wasali na kuamua pasipo aibu wala shinikizo la ndugu. Nao waelezwe hesabu sawasawa. Wazazi wote wawili wakiwa na kinasaba kimoja kimoja, katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya minne. Wa kubeba pasipo kuugua ni miwili kati ya minne. Wa kuwa huru kabisa ni mmoja kati ya minne. Wengine hudhani kwamba akiisha zaliwa mgonjwa mmoja, watatu wafuatao watakuwa salama. Sivyo. Kila mimba huanza hesabu upya.

Matumaini yako, lakini yako mbali na Ivuna

Tusikate tamaa, maana ugonjwa huu si hukumu ya kifo cha utotoni. Mtoto akigunduliwa mapema, akapewa penisilini ya kinga mpaka umri wa miaka 5, chanjo zote, kinga ya malaria, asidi ya foliki na maji ya kutosha, aweza kukua, kusoma na kufanya kazi. Iko dawa iitwayo haidroksiyurea. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na kutangazwa kikamilifu mwaka 2019, ulionyesha kwamba kwa watoto walioitumia chini ya uangalizi, maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vilipungua. Hapa nchini, tangu mwaka 2004, Profesa Julie Makani na wenzake katika Muhimbili wamewafuatilia wagonjwa kwa maelfu, na kazi yao yatambuliwa duniani. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu. Nao Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Desemba 2008, uliutambua ugonjwa huu kuwa suala la afya ya jamii, ndipo Juni 19 ikawa siku yake ya kila mwaka.

Twashukuru kwa hayo. Lakini haki haipimwi kwa yanayotendeka mjini peke yake. Mama wa tambarare yetu akitaka kumpeleka mtoto hospitali ya mkoa Vwawa, au hospitali ya rufaa Mbeya, hana budi kupanda kutoka joto la bonde hadi baridi ya nyanda za juu. Na baridi ndiyo iamshayo maumivu. Mtoto atoka nyumbani akiwa na nafuu, afika Mlowo alfajiri akilia. Vipo siku hizi vipimo vya tone moja la damu vitoavyo jibu kwa dakika chache, pasipo umeme wala maabara kubwa. Twawauliza wenye mamlaka kwa heshima yote: kwa nini visipatikane katika kila kituo cha afya na zahanati ya vijiji, siku ile ile mtoto anapoletwa chanjo? Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria hiyo itapimwa kwa swali moja: je, mtoto wa mchemsha chumvi wa Ivuna apata dawa zake kila mwezi pasipo baba yake kuuza ng'ombe?

Yatupasayo kutenda

Kwanza, kila Jumuiya iwajue wagonjwa wake kwa ridhaa yao, pasipo kuwatangaza. Siri ya mgonjwa ni mali yake.

Pili, wagonjwa wa namna hii waondolewe faini za kazi za kigango, nao wapewe kazi wanayoiweza.

Tatu, mafundisho ya ndoa yawe na somo juu ya selimundu, likifundishwa na mganga au muuguzi.

Nne, wakati wa Kwaresima mapadre na makatekista wakumbushe wazi kwamba mgonjwa hafungwi na sheria ya kufunga. Mgonjwa wa selimundu asijinyime maji hata siku moja.

Tano, Mpako wa Wagonjwa usingoje saa ya kufa. Mgonjwa wa muda mrefu anayezidiwa ana haki nao. Februari 11, Siku ya Wagonjwa Duniani iliyowekwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, wagonjwa hawa nao waalikwe, hata kama wanaonekana wazima.

Sita, kila parokia iwe na siku ya kuchangia damu. Wengi wetu hatuna fedha za kutoa, lakini damu tunayo.

Saba, walimu Wakristo wawaruhusu watoto hawa kunywa maji na kutoka nje pasipo kuuliza sana, na kuwakinga na viboko na mchakamchaka.

Ndugu zetu, yule mtumishi wa altare alirudi altareni. Nyakati za baridi alihudumu amevaa soksi nene na sweta ndani ya kanzu, na hakuna aliyemcheka, maana wenzake walikwisha kuambiwa ukweli. Hatukumponya. Tulimsadiki tu, naye akapata tena mahali pake.

Bwana atujalie macho ya kuona kisichoonekana, na masikio ya kumsikia asiyelia.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Je, yuko mtu katika Jumuiya yetu tuliyemwita mvivu kwa sababu hatukuuona ugonjwa wake? Twaweza kumtendea nini wiki hii?
2. Katika koo zetu, mtoto akifariki, ni nani hulaumiwa? Kwa haki gani?
3. Zahanati iliyo karibu nasi ina kipimo cha selimundu? Ni nani kati yetu atakayekwenda kuuliza, na lini atatuletea jibu?
4. Tukisikiliza habari za yule mwanamke na za Yairo aliyengojeshwa njiani, sisi tu nani: ni umati unaosonga, au ni wale wanaosimama?

Tumsifu Yesu Kristo.